Mapezi ya beta yakichanika: mwongozo kamili kwa wafugaji wa Mtwara na Lindi

Pezi la beta, yule samaki mdogo wa mapambo mwenye mapezi marefu, huota tena. Hilo ndilo la kwanza kulijua, maana wengi wakiona mkia wa samaki wao umebaki vipande, ama humkatia tamaa ama humwagia kila dawa iliyomo kabatini. Njia zote mbili huua samaki ambaye angepona kwa maji safi tu. Mwili wake unajua kazi yake: jeraha la pezi hufunikwa na ngozi mpya ndani ya siku moja au mbili, kisha chembe hai hukusanyika ukingoni mwa jeraha na kuanza kujenga upya utando pamoja na vile vijiti vyembamba vinavyoushikilia. Kazi yetu ni kuondoa kile kinachokula pezi haraka kuliko linavyoota, na mara nyingi kitu hicho kimo ndani ya maji.

Mwongozo huu ni wa mtu aliyeko Mtwara mjini, Mikindani, Masasi, Newala, Lindi au Kilwa, ambaye hana duka la samaki wa mapambo mtaani kwake, na huenda samaki wake alikuja kwa basi kutoka Dar es Salaam akiwa ndani ya mfuko wa plastiki. Usiione hali hiyo kuwa kikwazo. Vitu vinavyofanya kazi kubwa zaidi katika matibabu haya ni ndoo, maji yaliyolazwa, chumvi na jani la mti wa mkungu. Vyote hivyo kusini viko tele.

Mtazame kwanza

Kabla hujatia kitu chochote kwenye maji, kaa mbele ya tangi kwa dakika kumi na simu mkononi. Piga picha kutoka ubavuni, mwanga ukiwa wa kutosha na mapezi yametandazwa. Picha hiyo itakuwa shahidi wako wiki zijazo, kwa sababu macho ya mtu anayemwona samaki kila siku hayaoni mabadiliko madogo.

Sasa tafuta chanzo. Pezi lililokwaruzwa na kitu huwa na mpasuko ulionyooka kutoka ukingoni kuelekea mwilini, na kingo za mpasuko zina rangi ileile ya pezi. Hakuna kipande kilichopotea, pezi limegawanyika tu. Hili ndilo jeraha jepesi kuliko yote.

Samaki anayejing'ata huacha mapengo ya mviringo, na jambo hutokea kwa ghafla: jioni mkia ulikuwa mzima, asubuhi nusu yake haipo. Wanaofanya hivyo zaidi ni madume wenye mapezi mazito, hasa wale wa mkia wa nusu mwezi, ambao ukitandazwa hufika nyuzi 180. Kuburuta mzigo huo kutwa nzima kunawachosha. Mkondo mkali wa pampu, taa isiyozimwa usiku, au kujiona kwenye kioo cha tangi huwazidishia dhiki, nao humalizia hasira kwenye mkia wao wenyewe.

Pezi linalooza ni jambo jingine. Ukingo wake hulika kidogo kidogo siku hadi siku, umechakaa, na una weusi, wekundu au weupe pembeni. Bakteria wanaohusika zaidi, wa jamii za Aeromonas na Pseudomonas, hukaa katika maji ya matangi bila kumdhuru samaki mwenye afya. Hupata mlango pale maji yanapochafuka au samaki anapodhoofika. Kwa hiyo ukiona pezi linaoza, yaulize maji kabla ya kumuuliza samaki.

Angalia pia kama kuna mistari myekundu ndani ya mapezi na matamvua yaliyoiva wekundu, huku samaki akipanda juu kuvuta hewa mara nyingi kuliko desturi yake. Beta kwa kawaida huvuta hewa ya juu, ana kiungo maalumu cha kufanyia hivyo, lakini akipanda kila mara bila kutulia, shuku amonia, sumu itokanayo na uchafu wake mwenyewe.

Usichanganye jeraha na umbile. Beta wa mkia wa taji huzaliwa na vijiti vya mapezi vilivyochomoza nje ya utando, na mgeni akimwona hudhani amechanwachanwa. Ikiwa ncha zote zinalingana na samaki ni mchangamfu, mwache alivyo.

Na kuna hali moja isiyosubiri: mabaka ya kijivu au meupe yenye utando mgongoni, mdomoni au kwenye shina la mkia, yanayoenea kwa saa badala ya siku. Hiyo huenda ni kolumnarisi, ugonjwa wa bakteria unaokwenda mbio katika maji ya moto. Kwa huyu usiongeze joto hata kidogo. Shusha maji taratibu hadi nyuzi 24 na utafute mtaalamu siku hiyohiyo.

Maji ndiyo dawa ya kwanza

Samaki hutoa amonia kupitia matamvua na kinyesi, na chakula kilichobaki nacho kikioza hutoa amonia. Katika tangi lililokomaa, bakteria wema wanaoishi kwenye filta na changarawe huigeuza kuwa nitriti, kisha nitrati. Amonia na nitriti ni sumu, nitrati ni nafuu. Bakteria hao huchukua takriban wiki nne hadi sita kujijenga. Samaki aliyetiwa kwenye bakuli la kioo la lita mbili lisilo na filta hana ulinzi huo kabisa, na kila siku anaogelea katika uchafu wake mwenyewe hata kama maji yanang'aa. Amonia haina rangi, na katika kiwango kinachomdhuru samaki hutasikia harufu yoyote.

Kwetu sisi wa pwani kuna jambo la kuzidisha hofu. Amonia huwa kali zaidi joto la maji likipanda na maji yakiwa na magadi, yaani pH ikiwa juu. Visima vingi vya mwambao vimechimbwa kwenye miamba ya matumbawe na maji yake ni magumu, yaani yana chokaa nyingi na pH ya juu. Kiasi cha amonia ambacho samaki angekivumilia penye maji ya baridi na laini, huku kinaweza kumchoma.

Ukiweza kuagiza vipimo vya maji kutoka Dar es Salaam, nunua vya amonia, nitriti na nitrati kabla ya kununua dawa yoyote. Amonia iwe 0, nitriti 0, nitrati isizidi miligramu 20 hadi 40 kwa lita. Kama huna vipimo, badilisha maji kwa ratiba nitakayoitaja na usingoje yachafuke machoni.

Sasa maji yenyewe. Ya bomba la mamlaka yana klorini, na klorini huchoma matamvua na kuua bakteria wema. Yaweke kwenye ndoo au beseni pana, bila kifuniko kinachobana, yalale saa 24. Kitambaa chepesi juu kitazuia mbu na vumbi na klorini bado itaruka. Ukiwa na pampu ya hewa, itie humo, kazi itaharakishwa. Iko pia dawa ya kuondoa klorini iliyotengenezwa kwa sodiamu thiosalfeti, nayo hufanya kazi papo hapo, ukiipata kaa nayo.

Maji ya kunywa yaliyotiwa Waterguard au dawa nyingine ya kuua vijidudu usimtilie samaki. Mtu huona yameshatibiwa, hivyo ni salama zaidi, kumbe hiyo dawa ni klorini.

Maji ya kisima yaonje kwanza. Yakiwa na ladha ya chumvi, hayafai kwa beta wa kila siku, na usiyaongezee chumvi ya matibabu. Maji ya mvua, ambayo ndugu zetu wa Newala na Tandahimba wameyategemea miaka na miaka, ni mazuri kuchanganyia, lakini peke yake hayana madini ya kutosha na pH yake huyumba. Nusu ya mvua na nusu ya bomba ni mchanganyiko mzuri. Yale ya mvua ya kwanza yaliyoosha bati usiyaguse, hasa ukiwa jirani na mashamba ya mikorosho, kwa sababu bati hubeba salfa na viuatilifu vilivyopulizwa msimu wa kiangazi.

Abaki tangini au ahamie ndoo?

Kama tangi lako ni la lita 10 na kuendelea, lina filta iliyokomaa na samaki yuko peke yake, mwache hapohapo. Kuhama nako ni dhiki. Badilisha robo hadi theluthi ya maji kila siku kwa wiki ya kwanza, ukinyonya kinyesi na mabaki sakafuni kwa mpira mwembamba. Sponji ya filta ikiziba, ikamue ndani ya maji ya zamani uliyoyatoa. Ukiiosha bombani unaua bakteria wote uliowalea.

Mhamishe kama anakaa na samaki wengine wanaomdonoa, kama tangi lina mimea au konokono wasiovumilia chumvi, au kama nyumba yake ni lile bakuli dogo. Ndoo nyeupe ya plastiki ya lita 10 au 20 ambayo haijawahi kuguswa na sabuni wala rangi ni hospitali nzuri kabisa. Weupe wake unakuonyesha kinyesi na vipande vya mapezi mara moja. Jaza lita 10, uache nafasi ya vidole vinne juu kwa sababu lazima afike kwenye hewa, kisha funika kwa chandarua au kifuniko chenye matundu. Beta huruka, hata mgonjwa.

Usimtoe kwa wavu. Nyuzi za wavu hunasa pezi lililochanika na kulimalizia. Zamisha kikombe, msubiri aingie, mnyanyue na maji yake. Kikombe kielee ndani ya ndoo dakika 15 hadi 20 joto lilingane, halafu mwongezee maji ya ndoo kidogo kidogo kabla ya kumwachia.

Ndani ya ndoo hakuna filta, basi wewe ndiye filta. Badilisha nusu ya maji kila siku, bila kuruka siku hata moja. Maji mapya yawe na joto lilelile: kikikosekana kipimajoto, tumbukiza mkono hadi kifundo kwenye vyombo vyote viwili, na kama unahisi tofauti bado hayajawa tayari. Mikono isiwe na sabuni, losheni, mafuta ya nazi wala dawa ya mbu. Weka kipande cha jani pana au bomba la plastiki lenye mdomo laini ajifiche humo. Samaki aliyejificha hupumzika, na aliyepumzika hupona.

Jani la mkungu

Wafugaji wa Thailand, nchi ambayo mwaka 2019 ilimtangaza samaki huyu kuwa mnyama wake wa taifa wa majini, wametumia jani hili vizazi na vizazi. Wafugaji wa Ulaya na Marekani hulinunua kwa pakiti, jani kwa jani. Mti wenyewe ni Terminalia catappa, na ndio mkungu wetu huu unaosimama pwani na kwenye nyua za watu, ambao watoto huvunja kokwa zake kutafuta kungu. Mtu wa Mikindani anayeagiza majani haya kwa posta anatupa hela.

Okota yaliyodondoka yenyewe, yaliyogeuka mekundu kisha yakakauka rangi ya kahawia. Ya kijani usichume, yana utomvu na huoza vibaya majini. Achana na mkungu wa kando ya barabara kuu, wa chini ya viota vya ndege, na ulio karibu na mikorosho inayopulizwa dawa. Yafute vumbi, yaoshe kwa maji matupu, yaanike kivulini mpaka yavunjike mkononi, kisha yahifadhi kwenye mfuko wa karatasi.

Jani moja la ukubwa wa kiganja linatosha lita 10, jani kubwa latosha lita 20. Litumbukize tu, litazama baada ya siku moja au mbili. Ukitaka haraka, chemsha jani kwenye lita moja ya maji, acha yapoe kabisa, kisha ongeza kidogo kidogo mpaka maji ya samaki yafanane na chai ya rangi iliyo nyepesi. Libadilishe likianza kuchakaa, kwa kawaida baada ya wiki mbili au tatu. Katika ndoo unayoibadilisha maji kila siku, njia ya kuchemsha ni rahisi zaidi: weka chupa ya maji hayo na utie kipimo kilekile katika kila maji mapya.

Rangi hiyo ni tanini. Hupunguza mwanga, hushusha pH kidogo pale maji yasipokuwa magumu sana, na huzuia kwa kiasi ukuaji wa baadhi ya bakteria na kuvu. Ni mazingira yanayokaribia vijito na mashamba ya mpunga ya asili ya samaki huyu. Ila jani si antibiotiki. Pezi linalooza kwa kasi halitasimamishwa na jani peke yake, na sipendi kuona watu wakiliamini hivyo hadi samaki anakwisha.

Chumvi

Kwa mpasuko wa kawaida huhitaji chumvi. Nayo kwa anayejing'ata haina faida kubwa, isipokuwa jeraha limeanza kuwa jekundu. Itumie pezi linapooza au panapoonekana maambukizi mepesi.

Chumvi ya mawe kutoka mashamba ya chumvi ya mwambao wetu inafaa, mradi ni safi, haina mchanga wala matope. Ile laini ya mezani mara nyingi huwekwa kitu cha kuizuia isigandamane, kwa hiyo naiweka nyuma. Maji ya bahari usiyatumie: huwezi kujua kipimo chake na yanaleta viumbe wengine.

Kwa ndoo ya lita 10, siku ya kwanza yeyusha vijiko viwili vya chai vilivyosawazishwa katika kikombe cha maji, kisha mimina polepole mbali na samaki. Hiyo ni takriban gramu moja kwa kila lita. Akiwa ametulia, siku ya pili ongeza vingine viwili, ufike gramu mbili kwa lita, na usipande zaidi ya hapo. Kumbuka chumvi haikauki na maji. Maji yakipungua kwa jua au joto, jazia maji matupu. Unapotoa lita 5 na kuweka lita 5 mpya, hizo mpya zije na vijiko viwili vyake. Hapa ndipo watu hukosea: hutia vijiko vinne kila siku juu ya ndoo nzima, na kufikia siku ya tano samaki wa maji yasiyo na chumvi yuko kwenye maji ya mkoko.

Mwisho ni siku 10. Beta si samaki wa chumvi, na kukaa humo muda mrefu kunachosha figo zake. Ukimaliza, badilisha nusu kwa maji matupu kila siku, itapungua yenyewe.

Joto, kusi na kaskazi

Lengo ni nyuzi 25 hadi 27. Chini ya 24 kinga ya samaki hulala na pezi huota kwa kusuasua, juu ya 28 oksijeni hupungua na bakteria huzaana. Watu hudhani pwani hakuna shida ya baridi. Kusi ikivuma Juni, Julai na Agosti, usiku wa Mtwara hufika karibu nyuzi 20, na ndoo ya lita 10 iliyo sakafuni hufuata hewa ya chumba mpaka alfajiri. Masasi na juu Newala ni baridi zaidi. Hita ndogo ya wati 25 hadi 50 inatosha tangi la lita 20. Bila hita, inua ndoo kutoka sakafuni, izungushie blanketi ubavuni, na usiku weka chupa iliyofungwa yenye maji ya uvuguvugu ielee humo. Kinachoua ni kupanda na kushuka kwa ghafla, hivyo joto lisibadilike zaidi ya nyuzi moja au mbili kwa siku.

Wakati wa kaskazi, Novemba hadi Machi, tatizo ni chumba cha bati mchana. Sogeza tangi kwenye kona yenye kivuli, mbali na dirisha. Umeme ukikatika, beta mwenyewe atavuta hewa juu, lakini bakteria wa filta hukosa oksijeni baada ya saa kadhaa. Punguza chakula siku hiyo na badilisha maji kidogo.

Ondoa kilichomchana

Kuponya pezi na kumrudisha kwenye kilekile kilichomchana ni kazi bure. Pitisha soksi nyembamba ya nailoni, zile za wanawake, juu ya kila pambo la tangi: ikinasa popote, pezi litanasa hapo. Mimea ya plastiki migumu iondoe yote. Mdomo wa filta unaonyonya kwa nguvu ufunge kipande cha sponji.

Na tafadhali ondoa makombe na vipande vya matumbawe vilivyookotwa Msimbati au Shangani. Yana kingo zinazokata, na huyeyuka polepole yakipandisha ugumu na pH ya maji, jambo ambalo nimeshaeleza linavyoipa amonia makali. Zaidi ya hayo, upande wa Msimbati uko ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Mlango wa Mto Ruvuma, iliyoanzishwa mwaka 2000, na matumbawe yanastahili kubaki huko baharini.

Kwa anayejing'ata, bandika karatasi pande tatu za tangi asijione, punguza mkondo, zima taa kwa muda wa saa kumi hadi kumi na mbili kila siku. Usimwonyeshe kioo akatanua mapezi, hata kama wageni wanafurahia. Pezi changa hupasuka likivutwa.

Chakula cha mgonjwa

Pezi hujengwa kwa protini. Mpe punje tatu au nne za chakula cha beta asubuhi na jioni, kile ambacho samaki au uduvi umetajwa mwanzo kwenye orodha ya viambato. Mkate, wali na ugali havimfai, ni mla wadudu huyu. Kiini cha yai huchafua maji kuliko kinavyolisha.

Viluwiluwi vya mbu ni chakula anachokipenda mno na huamsha hamu ya samaki aliyesusa. Vichukue kwenye chombo cha maji safi, kamwe si mtaroni, vichuje kwa kitambaa, vioshe, mpe vitano au sita anavyovimaliza palepale. Vilivyobaki vimwage kwenye mchanga mkavu siku hiyohiyo. Sote tunaijua malaria ya huku, na hakuna samaki anayestahili kufugiwa mbu. Uduvi mbichi uliokatwa vidogo pia unafaa, uliokaushwa una chumvi nyingi.

Kisichoguswa ndani ya dakika mbili, kitoe kwa bomba la sindano.

Dawa za dukani

Vidonge vya tetrasaiklini au amoksilini vya binadamu usivifungulie majini. Kipimo hukijui, bakteria wema wa filta hufa pamoja na wabaya, na kinachobaki ni bakteria waliozoea dawa ambazo sisi wenyewe tunazihitaji. GV, ile dawa ya zambarau ya kupaka vidonda, na pamanganeti navyo viache, kwa sababu tofauti kati ya kipimo cha tiba na kipimo cha kuua katika ndoo ndogo ni matone machache.

Nenda kwa mtaalamu ikiwa baada ya siku tano hadi saba za maji safi na chumvi pezi bado linapungua, ikiwa wekundu umefika mwilini, magamba yamesimama, tumbo limevimba, au hali chakula siku nzima na analala ubavu. Daktari wa mifugo au afisa uvuvi wa halmashauri ni wa kumwanzia. Mikindani kuna kampasi ya chuo cha uvuvi cha FETA, na Mtwara kuna kituo cha Wakala wa Maabara ya Veterinari, milango ambayo mfugaji wa samaki wa mapambo ana haki ya kubisha sawa na mfugaji wa sato. Nenda na picha zako, kipimo cha chumvi ulichotumia na idadi ya siku. Hivyo vitatu vinamwokolea mtaalamu muda mwingi.

Utajuaje anapona

Dalili ya kwanza ni kwamba pezi limeacha kupungua. Hapo hujaona uzuri wowote bado, na ndipo wengi hukosa subira. Baada ya wiki moja hadi tatu, kwenye ukingo hutokea utando mwembamba usio na rangi, unaoonekana vizuri ukimulika tochi kwa nyuma. Wengi wakiuona huo hudhani ni kuvu na kuanza dawa upya. Tofauti ni hii: pezi jipya ni laini, limelala sambamba na la zamani na limeangaza, kuvu ina manyoya na imetuna. Ukiona utando huo angavu, usibadilishe chochote unachokifanya.

Vijiti vitafuata, kisha rangi. Mpasuko mdogo hufunga ndani ya wiki mbili au tatu. Mkia uliopotea nusu unaweza kuchukua miezi miwili au zaidi. Samaki mzee, na wengi wao huishi miaka miwili hadi minne, huenda polepole. Rangi mpya yaweza kuwa tofauti na ya awali, na ukingo waweza kujikunja, hasa kwenye maji magumu. Hayo hayamuumizi. Pale ambapo kuoza kulifika kwenye shina, pezi halitarudi sehemu hiyo, lakini samaki huogelea na kula na kuishi.

Mrudishe kwenye tangi lake baada ya wiki moja kamili bila chumvi, utando mpya ukiwa unaonekana pande zote za jeraha na anakula bila kubembelezwa. Tangi hilo liwe na lita 10 au zaidi, bora 20, na filta ya sponji inayopuliza taratibu. Kama filta ilisimama wakati samaki yuko ndoo, bakteria wake wamepungua, kwa hiyo iendeshe upya, mlishe nusu ya kawaida kwa wiki mbili na badilisha robo ya maji kila baada ya siku mbili. Baadaye robo kwa wiki inatosha. Jani moja la mkungu libaki humo mwaka mzima, na msimu wa kupuliza mikorosho ukifika, funika tangi na funga dirisha la upande wa shamba.